Kibali Kabla ya Kura

Katika historia nzima ya haki ya kupiga kura nchini Marekani, hakuna kinachoniuma kama hali ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, ambacho hakijafutwa lakini hakina tena kazi.

Kabla ya sheria hiyo, msajili katika jimbo la Mississippi aliweza kumtaka raia mweusi aeleze maana ya ibara ya katiba, kisha akaamua peke yake kwamba jibu halitoshi. Weusi walioandikishwa huko hawakufika asilimia 10 ya waliostahili. Kufikia mwaka 1967 walikaribia asilimia 60. Ubaguzi katika kura ulikuwa umekatazwa na katiba tangu mwaka 1870, kwa hiyo katazo pekee halikuwa jipya. Jipya lilikuwa kwamba, chini ya kifungu cha 5, maeneo yenye rekodi ya kuwanyima watu kura hayakuweza kubadili utaratibu wowote, hata kuhamisha kituo cha kupigia kura, bila kwanza kupata kibali, yaani kuithibitishia Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington kuwa badiliko hilo halina ubaguzi.

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya Shelby County, wilaya ya jimbo la Alabama, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama ya Juu walibatilisha kigezo cha kuyatambua maeneo hayo, wakisema kimepitwa na wakati; bila kigezo hicho, kifungu cha 5 kikakosa pa kutumika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akisema ni sawa na kuutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hulowi. Naamini alikuwa sahihi, kwani siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho, iliyokubali leseni ya kubeba bastola na kukataa kitambulisho cha mwanafunzi.

North Carolina nayo ilipunguza siku za kupiga kura mapema kutoka 17 hadi 10 na kufuta uandikishaji wa papo hapo. Mahakama ya rufani ilikuja kuona mwaka 2016 kwamba sheria hiyo iliwalenga weusi kwa makusudi, lakini uchaguzi wa 2014 ulikuwa umeshapita, na hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtu kura aliyozuiwa kupiga.

Muswada wa kurejesha kibali hicho, uliopewa jina la John Lewis, mwanaharakati wa haki za weusi aliyepigwa na polisi darajani Selma mwaka 1965, ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2021 ukakwama katika Seneti. Hadi kibali kirejeshwe, anayedhulumiwa ndiye anayelazimika kutafuta wakili, kukusanya ushahidi na kusubiri.