Anza na zumari: kufunga vyombo kwa bendi kongwe ya roki ya Kikelti

Roki ya Kikelti ni roki iliyochanganywa na muziki wa asili wa Ireland na Uskoti. Horslips walianza Dublin, Ireland, mwaka 1970. Runrig walianza kisiwani Skye, Uskoti, mwaka 1973, wakaaga jukwaa mjini Stirling mwaka 2018. Levellers ni wa Brighton, Uingereza, mwaka 1988. Bendi za rika hilo, zinazochanganya gitaa la umeme na fidla, filimbi na zumari, zimekuwa kongwe sasa, na nyingi hupiga kwenye kumbi za mtaani mbele ya watu 200 au 300. Ukumbi wa namna hiyo ndio unaomtesa fundi mitambo. Uwanjani kila chombo kina nafasi ya kupumua, lakini kwenye chumba chenye dari ya mita nne, chombo kimoja kikizidi kinameza vyote.

Chombo chenyewe ni zumari la kiriba la Uskoti. Waliokaa Maskati wamelisikia kwenye bendi za jeshi la Omani. Kwa asiyelijua: bomba la nyimbo lina tete la midomo miwili, sawa na zumari la pwani yetu, ila mpigaji hapulizi tete moja kwa moja. Anajaza mfuko, anaubana kwa kwapa, na begani yanasimama mabomba matatu ya mvumo yanayolia noti ileile mwanzo hadi mwisho. Halina namna ya kupunguza sauti. Linalia au limenyamaza, basi, na kwa mpigaji linapita desibeli 100. Kwa hiyo kiwango cha ukumbi mzima kinapangwa na zumari. Mwambie mpigaji apige kavu, bila maiki, simama katikati ya ukumbi usikilize, kisha panda na vingine mpaka vimfikie. Ukianza na dramu na besi kama ulivyozoea, ukifika kwenye zumari utakuwa umeshamaliza nafasi.

Ukumbini mwa watu 250 mara nyingi zumari halihitaji maiki kabisa. Linahitaji kuwekwa mahali pake: pembeni mwa jukwaa, mita tatu au zaidi kutoka maiki ya mwimbaji, la sivyo maiki hiyo inageuka kuwa maiki ya zumari. Ikibidi kuliongezea, weka maiki sentimita 30 kutoka bomba la nyimbo, ielekee matundu ya katikati. Usiilenge ncha ya chini, kwa kuwa kila noti hutokea kwenye matundu yaliyo wazi, si nchani tu. Kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, kata kila kitu chini ya hezi 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Mvumo mzito unakaa karibu na hezi 119, palepale besi na dramu kubwa zinapogombania nafasi.

Linalowaangusha watu zaidi ni tyuni. Noti ambayo wapiga zumari wanaiita A, kwa gitaa ni B flati, tena imepanda kidogo. B flati ya kawaida ni hezi 466, mazumari mengi ya leo yako karibu na 476. Mpiga gitaa akifunga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye kizuizi cha kwanza cha shingo ya gitaa anadhani ameshafika, kumbe bado kuna pengo la theluthi moja ya nusu toni, na pengo hilo masikio yanalisikia kama gari ambalo gia yake haijaingia vizuri. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni bomba la nyimbo lililochongwa kwa 466. Ya pili ni kupandisha kipima tyuni cha magitaa na fidla kutoka hezi 440 hadi 449, kapo ikibaki palepale. Kinanda cha umeme kitafuata kwa kubonyeza. Akodiani haiwezi, kwa hiyo bendi yenye akodiani na zumari haina budi kuchukua dawa ya kwanza.

Hata ukishalinganisha, joto linavuruga. Zumari likipata joto linapanda, nyuzi zikipata joto zinashuka. Taa zikiwaka na watu wakijaa, vyombo viwili vilivyokubaliana saa kumi na mbili jioni vinakuwa vimeachana saa mbili usiku. Mpigaji apulize dakika 15 hadi 20 kabla ya kupanda, katika joto lilelile la ukumbi, wala si nje kwenye baridi. Tete likisukumwa ndani zaidi, bomba zima linapanda. Noti moja ikizidi, kipande cha utepe kinachoziba ukingo wa juu wa tundu lake kinaishusha.

Ukongwe wenyewe unaleta jambo ambalo bendi changa hazina. Mwimbaji wa miaka 65 hafiki noti alizofika akiwa na 30, bendi inashusha nyimbo toni moja, na gitaa halina shida na hilo. Zumari lina noti tisa tu na haliwezi kuhama. Matokeo yake ni wimbo wa zamani ambao zumari lake limeondolewa kimyakimya, na mashabiki wanaondoka wakihisi kuna kitu kimepungua. Naona heri kuimba beti katika ufunguo wa chini bila zumari, kisha kipande cha ala tupu kirudi kwenye ufunguo wa awali. Kupanda huko kunasisimua ukumbi kuliko taa zozote.

Fidla ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kinasa sauti cha chini ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kinataka kisanduku cha kuunganishia chenye ukinzani wa umeme wa megaomu moja au zaidi. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye laini ya mikisa, sauti inakuwa nyembamba na ya kukwaruza, na mtu analaumu fidla. Kata chini ya hezi 180, punguza kati ya 2,000 na 4,000. Ikianza kupiga mluzi kwenye monita, spika zinazowaelekea wapigaji jukwaani, geuza swichi ya fezi, inayopindua wimbi la sauti, kabla hujagusa kitu kingine.

Filimbi ya bati: maiki iwe juu ya tundu la karibu na mdomo, pembeni kidogo ili pumzi isiingie. Noti zake za juu zinafika hezi 2,300 na zinachoma masikio, hivyo shusha hapo kwanza.

Bodhrani, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi, inapigwa maiki kwa nyuma, upande ambao mkono wa kushoto unabana ngozi, sentimita 10, kwa mshazari. Ngozi ikikauka kwa taa inapanda na kulia kama debe. Kitambaa chenye maji kidogo, kipitishwe upande wa ndani mapumzikoni, kinairudisha. Ukizidisha maji inalegea, na hairudi tena juu mpaka ikauke yenyewe, nusu saa nzima ya onyesho.