Betri ya mraba iacheni dukani: uzoefu wangu wa kusaidia darasa la uhandisi la watoto

Nasoma uhandisi wa umeme, na safari hii mafunzo yangu kwa vitendo sikuyafanyia kiwandani. Niliyafanyia kwenye programu ya likizo ya watoto wa darasa la nne hadi la sita hapa Dar es Salaam, nikiwa msaidizi wa mwalimu. Watoto 24, meza 8, watatu watatu kila meza. Kazi kubwa ilikuwa gari la boksi linalojiendesha kwa mota. Magari yote 8 yalipanda mteremko na najivunia hilo waziwazi, kwa sababu ushauri mwingi niliopewa mwanzoni ungeyaacha yote sakafuni.

Kila unayemwuliza atakuambia ununue betri ya mraba ya volti 9. Muuza duka anaisifia, video za mtandaoni zinaionyesha, na wanafunzi wenzangu nao waliitaja. Tuliijaribu kwenye gari la mfano kabla watoto hawajaanza. Magurudumu yakiwa hewani, mota ilivuma vizuri sana. Gari lilipowekwa chini lilijikokota kidogo, likapunguza mwendo, likasimama. Hapo ndipo watu wengi hulaumu mota na kwenda kununua nyingine, kwa maana ukiipima betri ikiwa imepumzika, mita ya kupimia umeme inasoma karibu 9 kama kawaida.

Ipime ikiwa kazini. Gusisha ncha za mita kwenye betri huku gari likivuta mzigo, utaona namba inavyoporomoka. Ndani ya kile kiboksi mna seli 6 ndogo za volti 1.5 zilizofungwa kwa mfululizo, na seli ndogo namna hiyo ina ukinzani mkubwa wa ndani, yaani yenyewe inauzuia umeme usipite kwa wepesi. Mota ikidai mkondo mwingi, sehemu kubwa ya volti inapotelea ndani ya betri yenyewe na kugeuka joto. Mota ndogo yenye gia ikizuiwa kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia 1, na betri ya mraba haiwezi kuutoa mkondo huo bila volti yake kuporomoka. Iliumbwa kwa vifaa vinavyotumia mkondo mdogo kwa muda mrefu, kama king'ora cha moshi au hiyo mita unayopimia.

Weka betri 4 za AA, zile za rimoti, kwenye kisanduku chake: volti 6. Nunua za alkalini. Zile za bei ya chini kabisa ni za zinki na kaboni. Kwenye saa ya ukutani hazina neno, lakini kwenye mota zinachoka kabla kipindi hakijaisha. Tofauti ya bei inaumiza kidogo, ila ni nafuu kuliko kununua mara mbili.

Mota zenyewe ni zile za njano zenye gia, zinapatikana Kariakoo kwa elfu chache. Za kawaida gia zake hupunguza mzunguko mara 48, ndiyo maana zina nguvu ya kusukuma gari. Chagua zenye mhimili unaotokea pande mbili, kwani mota moja itazungusha magurudumu mawili ya nyuma kwa mwendo mmoja na gari litakwenda sawa. Ukiweka mota mbili zinazotazamana kinyume kisha ukazifunga waya kwa namna ileile, gurudumu moja litakwenda mbele na jingine nyuma, gari lizunguke palepale. Dawa ni kugeuza waya za mota moja, lakini kwa watoto wa umri huu mota moja inatosha.

Ubovu wa mota hizi ni vile vipande vyembamba vya shaba vya kuungia waya. Mtoto akivuta waya mara mbili, kipande kinakatika na mota imekwisha. Kwa hiyo kulehemu nilifanya mwenyewe kabla ya kipindi, mota 8 na 2 za akiba, halafu kila kiungo nikakifunika kwa tone nene la gundi ya moto ili mvuto uishie kwenye gundi. Hapo tumia waya wa nyuzi nyingi. Waya wa uzi mmoja ukikunjwakunjwa hukatikia ndani ya plastiki na kwa nje huoni kitu.

Kwa sakiti yenyewe waya wa uzi mmoja ndio mzuri, maana unasimama ulivyoukunja. Usinunue vifurushi vya waya zilizokatwa tayari. Nunua kebo ya mtandao wa kompyuta, ile inayouzwa kwa mita. Ndani yake mna waya 8 za rangi tofauti, kwa hiyo mita 3 za kebo zinakupa mita 24 za waya. Ukikata vipande vya sentimita 15 unapata 160, darasa zima linatosheka na akiba inabaki. Kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa wembe. Ikibaki nyekundu mpaka ndani, ni shaba. Ikigeuka nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba: haishiki risasi vizuri na inakatika upesi. Muuzaji mmoja alinuna nilipoomba kukwangua. Nikaenda duka la pili.

Magurudumu tulikata kwenye kandambili zilizochakaa. Soli moja ya mtu mzima inatoa duara nne za sentimita 6, na povu lake linashika sakafu kuliko gurudumu lolote la plastiki. Tatizo ni tundu la katikati. Mhimili wa mota una bapa pande mbili, kwa hiyo ukitoboa tundu la duara mhimili unazunguka peke yake na gurudumu limetulia. Gandisha kifuniko cha chupa ya maji katikati ya gurudumu, kisha ukitoboe kwa ncha ya kisu iliyopashwa moto, tundu liwe jembamba na liubane mhimili. Kazi ya kisu cha moto ni ya msaidizi, na inafanywa watoto hawapo. Kabla ya kugandisha, futa soli kwa kitambaa chenye maji na uiache ikauke, maana gundi haishiki vumbi. Magurudumu ya mbele ni rahisi: kijiti cha mshikaki ndani ya mrija uliogandishwa chini ya boksi. Gundi ikiingia ndani ya mrija, ekseli imekwama.

Swichi ni klipu ya karatasi na pini mbili za ubao. Iwe klipu ya chuma kitupu, kwani ile ya rangi imevikwa plastiki na umeme haupiti.

Sasa kipindi chenyewe. Niliambiwa msaidizi mzuri ni yule anayezunguka meza kwa meza akirekebisha. Sikubali. Mota ikigoma mtoto anaita, "Ticha, yangu mbovu!" Ukiishika na kuitengeneza, ataita tena baada ya dakika tano. Nilikuwa naweka mikono mgongoni na kumwambia afuate njia kwa kidole: umeme unatoka wapi, unapita wapi, unarudi wapi? Wengi wanaona pengo kabla kidole hakijafika kwenye mota.

Kwa pengo lisiloonekana, kila meza ilikuwa na kichunguzi: betri 2 za AA, taa nyekundu ya LED, kizuizi cha omu 100 na waya mbili zenye ncha wazi. Ukigusisha ncha pande mbili za kitu na taa ikawaka, njia ipo. Kizuizi ni cha lazima. Taa nyekundu inahitaji takribani volti 2, betri zinatoa 3, na ile volti 1 inayobaki juu ya omu 100 inaruhusu miliampia 10 tu, taa inadumu. Zima sakiti kwanza, kisha pima kipande kwa kipande: waya, klipu, kiungo. Watoto walikipenda kifaa hiki kuliko gari, wakawa wanapima vijiko, penseli na funguo za mwalimu. Msiwazuie. Hapo ndipo somo la vipitishi na vihami, yaani vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha, linapoingia bila kuandikwa ubaoni.

Kuna hitilafu moja inayowapoteza hata watu wazima. Betri moja kati ya nne ikiwekwa kinyume, mota haizimi, inazunguka kivivu tu, kwa sababu ile iliyogeuzwa inapunguza nguvu za nyingine: 4.5 kutoa 1.5, zinabaki volti 3. Ukiona gari legevu, tazama betri kwanza.

Kwenye mteremko tulitumia ubao wa mita 1, tukiongeza kitabu kimoja kimoja upande wa juu na kupima kimo kwa rula. Mzigo ulikuwa maji kwenye chupa, kwa sababu mililita 100 ni gramu 100 na huhitaji mizani. Wafundishe watofautishe namna mbili za kushindwa. Magurudumu yakizunguka na gari limesimama, mshiko umepungua: sogeza chupa iwe juu ya magurudumu ya nyuma. Magurudumu yakisimama kabisa, mota imezidiwa: punguza mzigo au kata gurudumu dogo zaidi, na uzime haraka, kwani mota iliyozuiwa inapata moto. Meza iliyojua tofauti hii ilirekebisha gari mara moja. Isiyojua iliongeza gundi.

Rangi na mapambo yaje baada ya majaribio. Boksi likishapambwa, hakuna mtoto atakayekubali kulipasua ili kusogeza mota.

Jambo linaloniuma ni jinsi wasichana wanavyosukumwa kwenye kuandika na kuchora huku koleo likiwa kwa wavulana, hata bila mtu kukusudia. Tuliweka zamu tatu, fundi, mchoraji na mkaguzi, na kila baada ya dakika 15 zinabadilishwa kwa kengele, hata kazi ikiwa katikati. Kuwaomba wabadilishane wenyewe hakusaidii.

Watu watakushawishi uanze na Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu. Subiri. Pini yake moja haipaswi kutoa zaidi ya miliampia 20 hivi, nayo mota inataka mamia. Mtoto akiunganisha moja kwa moja anaunguza bodi, na hajajua bado kwa nini njia ya umeme lazima irudi. Betri za kifungo, zile ndogo bapa za mviringo, pia ziondoeni mezani kabisa. Ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu.

Mkimaliza, toeni betri kwenye visanduku kabla ya kufunga mifuko, maana klipu iliyoguswa bahati mbaya ndani ya mfuko inamaliza betri usiku kucha. Na mkikosa mota za njano, mafundi redio wana mota za deki mbovu za DVD. Hazina gia, kwa hiyo funga mpira wa ofisi kutoka mhimili mwembamba wa mota hadi kwenye duara kubwa la ekseli, duara liwe na upana mara kumi au zaidi ya mhimili, na mpira usikazwe sana, la sivyo mota haitaanza.