Ugonjwa wa kaka yangu kwenye hesabu za dunia

Kaka yangu alipata sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha. Hakufa, hivyo kwa takwimu za zamani za afya ugonjwa wake usingeonekana popote. Alilala tu. Akaacha kuoga, akaacha kazi, ndugu wakamwita mvivu.

Miaka ya 1990, watafiti wa afya Christopher Murray na Alan Lopez walianza kupima pia miaka ambayo mtu anaishi akiwa hajiwezi, badala ya vifo pekee. Sonona ikapanda ghafla hadi nafasi ya nne katika mzigo wa magonjwa duniani kwa mwaka 1990. Ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyeihesabu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 kulikuwa na wagonjwa wa sonona wapatao milioni 280, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Sonona na ugonjwa wa wasiwasi kwa pamoja hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. (Hoja ya fedha siipendi, lakini mawaziri wa fedha huielewa upesi.)

Kinachoniudhi ni kwamba tiba ipo. Kuna tiba ya mazungumzo, kuna dawa kama fluoxetine, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo. Hata hivyo, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawatibiwi kabisa.

Kaka alitibiwa. Dawa ya kwanza ilimkataa. Ya pili ilichukua wiki kadhaa kabla hajaanza kuamka mwenyewe. Bado anameza. Jamaa wakimuuliza ataacha lini, naye huwauliza wenye kisukari wao wataacha lini.