Lango la Jaa, mjini Shanghai

Somo: Nehemia 3:14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, kila kundi lilishika kipande chake. Lango la Jaa lilimwangukia Malkiya mwana wa Rekabu, akida wa mtaa wa Beth-hakeremu. Mkubwa mzima wa mtaa, na mlango wa takataka! Nehemia hasemi kama alinung'unika. Anataja milango, vyuma na makomeo, basi.

Kwa ndugu zetu walioko Shanghai kwa masomo au biashara, mstari huu una harufu. Tangu Julai 1, 2019, kila nyumba mjini humo hutenga taka mafungu manne: pipa la kahawia la taka mbichi, jeusi la taka kavu, la buluu la vinavyorejelezwa, jekundu la vyenye sumu, kama dawa zilizopita muda. Anayekaidi hupigwa faini ya yuan 50 hadi 200.

Mgeni huponzwa na majina. Tishu iliyolowa chapachapa ni taka kavu, maana haiozi kama chakula. Maganda ya karanga, makavu kama majani ya kiangazi, ni taka mbichi. Mfupa wa kuku ni mbichi. Mfupa mkubwa wa nguruwe ni kavu, kwa kuwa mashine haiusagi. Wenyeji wana kipimo chao cha utani: nguruwe akikila, ni kibichi, asipokitaka, ni kikavu, kikimuua, ni sumu, ukikiuza ukapata hela ya kununua nguruwe, ni cha kurejelezwa.

Kazi yenyewe iko kwenye kituo cha taka cha mtaa. Mitaa mingi hufungua mapipa saa chache asubuhi na jioni, na mara nyingi pana mama wa makamo amesimama kusimamia. Humwita ayi, jina lilelile wanalomwitia mama mdogo. Mchuzi uchujwe nyumbani kwenye sinki. Mfuko wa taka mbichi haurushwi ulivyo: fungua fundo, inamisha, mimina mabaki kwenye pipa la kahawia, kisha mfuko mtupu utie kwenye pipa jeusi. Hapo ndipo wengi hukwepa, maana vidole vinagusa uozo. Lakini plastiki ikiingia humo huharibu mabaki yanayopelekwa kutengenezwa gesi.

Watu wa Shanghai walicheka sana swali la hao akina ayi, ambalo kwa mkato wa Kichina husikika hivi: "Wewe ni takataka gani?" Ni utani, ila muumini aweza kukaa nalo kidogo kabla ya kulala.

Sheria ya China haimruhusu mgeni kuhubiri mitaani. Wako wanaoona kwamba basi ushuhuda wao umefungwa mpaka Jumapili. Sidhani. Ayi hajui mgeni anaimba wimbo gani kanisani, lakini anajua nani wa ghorofa ya sita huacha mfuko mlangoni pa kituo usiku na kutokomea.

Wiki hii, ukibakiza chai ya maziwa yenye zile punje nyeusi za muhogo, usiitupe na kikombe chake. Chai imwage kwenye mfereji, punje ziende kahawia, kikombe jeusi. Vituo vingi vina bomba la kunawia kando ya mapipa.