Filamu Niliyoitazama kwa Masikio

Jumapili, saa sita kasoro usiku

Nimezima televisheni dakika kumi zilizopita na bado sijainuka kitini. Swichi ya taa ya korido iko mbali, hatua saba au nane hivi, na iko upande wa giza. Mtu mzima na ndevu zangu, nina mke na mtoto, nimekaa napiga hesabu ya njia ya kwenda kulala bila kupita mbele ya kioo cha bafuni. Nikaona kuliko kukaa bure, niandike.

Filamu yenyewe haikuwa kali, wala sioni haja ya kuitaja. Damu kidogo, mzimu mmoja, na mzee mwenye kitabu kikuukuu aliyejitokeza zikiwa zimebaki dakika ishirini ili atueleze mzimu ni wa nani, alikufaje na anadai nini. Mzee huyo simpendi hata kidogo. Nakutana naye karibu kila nikitazama filamu za aina hii, na akifungua kinywa tu, hofu yangu yote inayeyuka. Mzimu ukishajulikana jina na shida yake, umekuwa jirani mwenye malalamiko. Lakini kabla ya mzee kufika kulikuwa na lango nje ya ile nyumba, linalia kwa upepo, na hakuna aliyejisumbua kwenda kulifunga. Hilo lango ndilo lililonibakiza kitini.

Nilipokuwa na miaka tisa, mjomba wangu aliishi kwetu kwa muda, na kila Jumamosi alikuwa akikodi kanda za video. Wakubwa wakikusanyika sebuleni, mimi na dada tunaambiwa, "Nendeni mkalale, hii si ya watoto." Chumba chetu kilipakana na sebule, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tuliisikia hata deki ikimeza kanda. Tukalala chali gizani, macho kodo, tukaitazama filamu nzima kwa masikio.

Dada alinizidi miaka mitatu, na kazi ya kusimulia alijipa mwenyewe. "Huyo anapanda ngazi." Kimya. "Amesimama." Kimya kirefu zaidi. "Amemwona." Halafu ukelele, halafu mjomba anacheka, halafu mama anasema Mungu wangu. Maneno ya filamu hatukuyaelewa, hayakuwa ya lugha yetu, hivyo dada hakuwa na wa kumpinga. Kulikuwa na kitu fulani kilichokuwa kikikoroma, mkoromo kama wa mtu anayevuta matone ya mwisho kwa mrija. Dada akaninong'oneza kwamba kitu hicho hakina uso. Alijuaje, sikumuuliza. Nikaishi na hicho kitu kisicho na uso kwa miaka mingi, tena mahali pake nilipajua: nyuma ya mlango wa kabati, upande wa makoti.

Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza mjomba ile filamu ilikuwa ipi. Nikaitafuta, nikaipata. Mtu amevaa suti ya mpira! Mshono unaonekana mgongoni kila anapogeuka. Na uso alikuwa nao, tena mkubwa, macho kama vifuniko vya chupa. Nilicheka peke yangu, kisha nikasikitika kidogo, kama mtu aliyeahidiwa kurudishiwa mali yake ya zamani akaletewa ya mwingine. Ile tuliyoitazama mimi na dada ilikuwa filamu bora zaidi.

Tangu siku hiyo nina mchezo mmoja ambao mke wangu anasema ni wa mtu asiye na kazi. Kipande cha filamu kikinitisha, nakirudia mara mbili: mara moja nimezima sauti, mara ya pili nimekipa kisogo. Nilifanya hivyo kwa kile kipande cha bafuni katika Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Bila sauti, ni picha zinazokatwa harakaharaka: mkono, kisu, pazia, maji yanayozunguka kwenye tundu. Ukijua kwamba damu ile ni rojo la chokoleti, maana filamu haina rangi na hakuna ambaye angetambua, unaweza hata kuitazama ukiwa unatafuna kitu. Nikageuza kiti, nikawasha sauti. Zile fidla! Bernard Herrmann aliutunga muziki wa filamu nzima kwa vyombo vya nyuzi peke yake, na hapo zinalia kama kitu kinachochunwa kikiwa hai. Hitchcock mwenyewe alitaka kipande hicho kiende bila muziki wowote. Herrmann akautunga hata hivyo, akamsikilizisha, mkubwa akabadili mawazo. Mimi niliyekuwa nimejigeuza nitazame ukuta nilijikuta nimegeuka kutazama nyuma yangu.

Macho yana kope, ukichoka unafumba. Masikio Mungu hakuyawekea mlango. Vidole navyo havizibi kitu, nilishajaribu usiku mwingi.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi kelele ndiyo inayotisha. Kelele inashtua, na kushtuka si kuogopa. Lugha yetu imeshalitenga jambo hili bila kuhitaji wataalamu: mtu hushtuka, lakini huingiwa na hofu. Mshtuko unaruka unaisha, unacheka, unamwaga popkoni, mnaangaliana. Kilichokuingia ni habari nyingine, kitakaa ndani mpaka kipate pa kutokea. Filamu nyingi za siku hizi zinanishtua mara kumi na tano na haziniingizi kitu. Mhusika anafungua friji, anaifunga, kuna mtu nyuma ya mlango wake, muziki unalipuka, kumbe ni rafiki yake. Moyo umekwenda mbio, ni kweli. Hata mlango ukipigwa na upepo moyo hukimbia, na sijawahi kuulipia mlango kiingilio.

Hila yenyewe si mbaya ikiwa mikononi mwa anayeijua. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta na nyuma yake tunasikia nyayo za mwanamke mwingine anayemfuata. Kisha nyayo hizo hazisikiki tena. Anaongeza mwendo, anatazama nyuma, hakuna mtu. Na ghafla, mfyonzo mkali kama wa paka mkubwa: basi limefunga breki mbele yake. Basi la abiria tu. Mpaka leo hila ya namna hiyo inaitwa kwa jina la basi. Walioiga wameliiga basi wakasahau nyayo zilizokatika. Mimi basi silikumbuki sana. Nazikumbuka zile sekunde ambazo sauti ya viatu imetoweka na mwenye viatu hatujui yuko wapi.

Hapo ndipo ladha yangu ilipo, na naona haijabadilika sana tangu utotoni. Nataka niachiwe nafasi nijaze mwenyewe. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, alikuwa na papa wa mashine ambao maji ya chumvi yaliwaharibu kila mara. Papa hafanyi kazi, na filamu lazima iendelee. Basi wakapiga picha za maji matupu, wakapiga picha za mapipa ya manjano yanayoburutwa juu ya bahari na kitu tusichokiona, na mtunzi wa muziki John Williams akaleta noti zake mbili zinazokaribia. Papa mwenyewe hutamwona vizuri mpaka saa nzima imeshapita. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka dada. Papa mbovu alifanya kazi ileile ya ukuta wa chumba chetu.

(Na nikiri, papa anapojitokeza kabisa, mimi napoa. Ana meno ya mpira, masikini.)

Kuna kitu kimoja tu cha kutazama, cha macho hasa, ambacho mchezo wangu wa kuzima sauti haukuweza kukishinda. Ni mwendo wa Sadako, yule mzimu wa kike katika Ringu, filamu ya Kijapani ya Hideo Nakata ya mwaka 1998. Anatoka kisimani, nywele zimeufunika uso wote, anatembea kuja kwetu. Hana haraka. Lakini kuna kitu hakikai sawa katika mabega na magoti, na huwezi kukitaja. Nilikuja kujua baadaye: mwigizaji, Rie Ino'o, alitembea kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa ili aonekane anakuja mbele. Akili haiitambui hila, mwili unaitambua. Tangu tukiwa watoto tumeona watu wakitembea mara nyingi mno, kwa hiyo uzito ukihama mguu vibaya hata kidogo, vinywele vya shingo vinasimama kabla hujaulizwa. Na hana uso, jamani. Dada alisema.

Machinjo siyapendi. Simlaumu anayeyapenda, ila mimi nikiona misumeno na utumbo naona kazi ya mafundi wa mpira na rangi, na huanza kujiuliza waliusafishaje ukumbi baada ya hapo.

Kinachoniweza siku hizi ni nyumba. Ulipokuwa mtoto, hatari ilitoka nje, nawe ulikuwa na wazazi wa kukimbilia. Sasa mimi ndiye wa kukimbiliwa, na filamu inayonikosesha usingizi ni ile inayoniambia hatari iko mezani, imekula na sisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kile kipande cha The Shining ya Stanley Kubrick, mwaka 1980, ambapo mke anaisogelea meza ya mumewe akayafunua makaratasi: hakuna mzimu hapo, hakuna damu, ni mwanamke anayesoma. Mume anaandika kitabu, au ndivyo tulivyoamini, maana taipureta yake tumeisikia ikigonga katika kumbi kubwa tupu za hoteli wanamoishi, na mlio huo ulikuwa karibu wa kuliwaza: baba yuko kazini. Anafunua ukurasa wa kwanza, sentensi moja imerudiwa toka juu hadi chini. Wa pili, sentensi ileile. Wa tatu, ileile, ila safari hii imepangwa kama shairi. Anafunua haraka zaidi, na rundo bado ni nene.

Mara ya kwanza nilidhani kilichonitisha ni wazimu wa mume. Leo nafikiri ni ule mlio. Siku zote hizo mke alikuwa akiusikia, akiwa na shughuli zake, akiamini anajua maana yake. Mtu anaweza kuishi miaka na sauti ya mwenzake ng'ambo ya ukuta na asijue inaandika nini.

Mke wangu hana muda na mambo haya. Yeye huketi nami dakika kumi, humuuliza yule msichana wa kwenye televisheni, "Unashuka huko chini kufanya nini, mwanangu?", kisha huenda kulala. Wengi huwacheka watu wanaoshukia vyumba vya chini gizani. Mimi nimeacha kuwacheka. Mwezi uliopita nilisikia kishindo jikoni usiku wa manane, na nilifanya nini? Nikainuka, miguu mitupu, bila tochi, nikaita "Nani?" kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba mwizi angejibu. Ilikuwa sufuria imeteleza. Lakini nilikwenda. Kukaa kitandani na kishindo kisicho na maelezo ni kugumu kuliko kukifuata, na kama kungekuwa na watazamaji mahali fulani, wangekuwa wananipigia kelele nisiende.

Saa sita na nusu. Natembea.

Jumatatu, saa moja asubuhi

Nilipita mbele ya kioo nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakuna la kuripoti.

Ila asubuhi hii mwanangu ameamka mapema, ana miaka saba, amekaa kitandani kwake anatafuta soksi. Jana nilimlaza saa mbili na nilihakikisha amelala kabla sijaweka filamu. Sauti niliipunguza, nilidhani imetosha. Akaniuliza, bila kuniangalia, "Baba, yule mama aliyekuwa analia alimpata mtoto wake?"

Nikamuuliza mama gani. Akasema yule wa jana, aliyekuwa akilia nje, anaita, ananyamaza, anaita tena.

Katika filamu ya jana hakuna mama. Hakuna hata mtoto. Wakati anapiga mswaki nilikwenda sebuleni, nikairudisha nyuma, sauti chini kama ilivyokuwa, nikasimama korido karibu na mlango wake nisikilize. Ni lile lango. Bawaba inalia kwa upepo, inapanda, inakatika, inaanza upya. Nilisimama pale mpaka nikamsikia na mimi, huyo mama, na nikawa siwezi tena kulisikia lango.

Alikuwa bado ananisubiri nimjibu, soksi moja mkononi.

Nikamwambia alimpata. Akauliza alikuwa wapi. Nikasema alikuwa amejificha kabatini. Upande wa makoti? Nikasema hapana, upande mwingine. Akaridhika, akaenda kuvaa viatu.