Breki ya Prony: injini ya pampu imepimwa

Injini ya pampu ya shambani, Honda GX160, sasa imekaa kwenye fremu na vipimo vinatoka. Katalogi inaipa kilowati 3.6 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 10.3 kwenye 2,500.

Kifaa cha kuipimia pawa, yaani breki ya Prony, ni kile alichobuni mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821. Dramu ya breki ya gari imekazwa kwenye shafti. Vipande viwili vya mvule vinaibana kwa boliti, na mkono wa chuma uliofungwa kwenye mbao hizo unakandamiza mizani ya kidijitali. Kutoka katikati ya shafti hadi ncha inayogusa mizani ni nusu mita kamili. Urefu huo nimeupima na kuurudia, maana ukikosea hapo umekosea kila jibu. Uzito wa mkono wenyewe unaondolewa kwanza, injini ikiwa imezimwa na mbao zimelegezwa.

Throtli ikiwa wazi yote, nakaza boliti taratibu mpaka mizunguko ishuke hadi 2,500 kwa dakika. Mizani inasoma kilo 1.74. Zidisha kwa 9.81 (mvutano wa dunia, kugeuza kilo kuwa nyutoni), kisha kwa nusu mita: nyutonimita 8.5. Zizidishe kwa 2,500, ugawe kwa 9,549 (namba ya kugeuza jibu kuwa kilowati), unapata pawa ya kilowati 2.2. Kwenye 3,600 mizani imeshuka hadi kilo 1.60, lakini pawa imepanda hadi kilowati 2.96! Hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Mizani haijui pawa, inajua msukumo tu, na pawa haipatikani mpaka uingize kasi. Muuzaji akikutajia nguvu za farasi bila mizunguko, muulize.

Mbona hazifiki 3.6? Niko Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kitabu cha injini kinasema pawa hupungua asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Hiyo ni kama asilimia 16, na 3.6 inabaki 3.0. Injini ni nzima kabisa.

Pawa yote hiyo inaishia kuwa joto kwenye dramu, kwa hiyo nadondoshea maji ndani yake. Kwa kilowati 3, lita moja iliyokwisha kuchemka inageuka mvuke yote kabla ya dakika 13.

Kinachobaki ni mizani kuchezacheza, kwa kuwa silinda ni moja na inawaka mara moja kila mizunguko miwili. Nitafunga shokapu ya pikipiki kwenye mkono, kisha nipime kila kasi inapoongezeka mizunguko 200 kwa dakika, kuanzia 2,000, nichore mchoro mzima.