Upande wa Pili wa Herufi P

Dada yangu mdogo ni muuguzi London, na tiketi alinikatia yeye. Habari za viza na baridi naziruka. Ila chai! Kikombe kimoja pale kituoni kwa bei ya karibu kilo ya nyama Moshi. Kila nikinung'unika ananiambia, "Kaka, ukianza kuzidisha kwa shilingi hutakula." Katika siku tisa nilizokaa kule, moja ndiyo imenibaki.

Nimeimba besi parokiani miaka ishirini, kwa hiyo niliiandikia mapema Makumbusho ya Victoria and Albert, nikaomba kuona herufi zilizokatwa kutoka vitabu vya kwaya vya zamani. Kuingia ni bure, nashukuru. Mhudumu aliniwekea mezani herufi P yenye upana wa kiganja: buluu, waridi, na dhahabu inayowaka ukiinamisha kichwa. Ndani ya tumbo la P, Mtoto yumo horini. Nikajua papo hapo: *Puer natus est*, yaani "Mtoto amezaliwa", wimbo wa mwanzo wa Misa ya Krismasi. Lakini "uer" haikuwepo. Ilibaki Italia, kwenye ukurasa wenye tundu.

Vitabu hivyo vilikuwa vikubwa mno, maana wamonaki wengi walisimama mbele ya kimoja na kukisomea kwa mbali. Majeshi ya Napoleon yalipoingia Italia na monasteri kufungwa, vitabu vikazagaa, na wachuuzi wakaona picha inauzika kuliko wimbo. Mwaka 1825, vipande vya vitabu vya Kanisa la Sistina, kule Vatikani, viliuzwa mnadani London. Aliyevipeleka ni Luigi Celotti, aliyeitwa Abate, mtu wa kanisa! Hilo liliniuma. Kazi za Silvestro dei Gherarducci, mmonaki mchoraji wa herufi kama hizi aliyefariki 1399, leo nyingine ziko London na nyingine New York.

Nikamwomba mhudumu aigeuze ile P. Akasita kidogo, kisha akaigeuza taratibu kwa mikono miwili.

Upande wa pili hauna dhahabu. Kuna mistari minne myekundu, nota tano za mraba, na silabi "-rum". Nikajaribu kuziimba kimoyomoyo, nikashindwa. Ufunguo, ile alama ya kuonyesha nota zinaanzia wapi, hukaa mwanzoni mwa mstari, na mkasi ulipita kabla ya kuufikia. Bila ufunguo hujui "do" iko wapi. Nota naziona, zinapanda mbili, zinashuka tatu, na siwezi kuziimba kwa uhakika! Nilikaa pale hadi mhudumu akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Nilirudi nyumbani Februari. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, na madaftari yake ya solfa hakuna aliyeuliza yalikokwenda. Siku moja stendi nikanunua karanga. Nilipozimaliza na kuikunjua karatasi iliyozifunga, nikakuta sauti ya pili ya wimbo wetu wa Pasaka, kwa kalamu yake nyekundu.

"Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Nanunua kwa kilo, mwanangu, sokoni."

Nilinunua karanga zake zote, na zile karatasi ambazo alikuwa bado hajazifungia. Nimepata kurasa kumi na moja, zina mafuta lakini zinasomeka. Sauti ya kwanza haimo. Jumamosi baada ya mazoezi nawaita wazee wa kwaya, kila mmoja aimbe anachokikumbuka, nami niandike.